Bomba la hewa la turbo: usimpe fundi wa mageti kazi kabla hujapima

Swali: "Shikamoo fundi. Nipo Sakina, Arusha. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, injini ya EJ20 yenye turbo, gia za mkono. Nimepata turbo ya IHI iliyotumika, kubwa kidogo kuliko ya kiwandani. Sasa nataka nitengenezewe njia yote ya hewa: chujio la wazi, bomba la alumini mpaka kwenye turbo, mabomba ya intakula ya mbele, na manifoldi. Kuna fundi Unga Limited anayechomelea mageti, anasema atamaliza vyote kwa siku tatu. Nianze wapi, na nimwambie nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie asubiri kwanza. Simdharau. Mageti ya Unga Limited yanakaa miaka ishirini bila bawaba kulegea. Ila katika vitu vyako vinne, kimoja ningekutengenezea, kimoja ningekisogeza mbele mpaka tupime, na viwili ningekukatalia hata ungeweka hela mezani.

Wateja wengi wakifika kwangu wanaongelea bomba kama mfereji: likiwa pana na linang'aa, basi limefaa. Bomba la hewa kwenye gari lako ni kipimo kwanza, mfereji baadaye. Pale kwenye mfuniko wa boksi la chujio, upande hewa inapotokea, kuna sensa ndogo iliyoshikwa kwa skrubu mbili. Ndani yake kuna waya unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, kama unavyopuliza chai, na kompyuta ya injini inaangalia umeme kiasi gani umehitajika kuurudishia waya joto lake. Hapo ndipo inapojua hewa kiasi gani imeingia, na kwa hiyo petroli kiasi gani imwage.

Lakini sensa haioni hewa yote. Inaonja kidogo tu inayopita katikati, halafu kompyuta inazidisha kwa ukubwa wa bomba lililofungwa kiwandani. Ukibadilisha bomba bila kuiambia, itaendelea kuhesabu la zamani. Tuchukue mfano wa bomba lenye upana wa ndani wa milimita 66, na fundi wako akakuwekea la 72 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani. Eneo limeongezeka asilimia 19. Hewa ileile sasa inapita taratibu zaidi mbele ya waya, na sensa inasoma pungufu kwa asilimia 16. Petroli nayo inapungua hivyohivyo. Hata milimita moja tu, kutoka 66 kwenda 67, ni kosa la asilimia tatu. Ndiyo maana nasema huwezi kumpa kazi hii mtu anayepima kwa futi ya utepe.

Ukiwa unaendesha taratibu mjini hutaona kitu. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona moshi una hewa nyingi, kompyuta inajirekebisha, gari linatulia. Balaa liko pale unapokanyaga mpaka chini na busti, yaani mgandamizo wa turbo, imejaa, kwa sababu hapo kompyuta ya kiwandani haisubiri tena ushauri wa ekzosi, inakwenda na hesabu zake. Hesabu zikiwa na uongo wa asilimia 16, mchanganyiko unakuwa mkavu, petroli haitoshi, joto linapanda, injini inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka vibaya ndani ya silinda.

Nilimfungulia mteja mmoja injini ya namna hiyo. Alikuja na bomba la kuvutia kweli, limepigwa polishi mpaka unajiona meno. Taa ya injini haikuwahi kuwaka. Pistoni ya nne ilikuwa imekatika ule ukuta mwembamba kati ya pete ya kwanza na ya pili. Kipande kilikuwa kimekaa juu ya pete kama ukucha uliokatwa. Bomba lake la zamani, kwa bahati, bado alikuwa nalo kwenye buti. Nikapima yote mawili kwa kalipa mbele yake, sikuhitaji kueleza zaidi. Wewe una EJ20, na wenye EJ20 wanajua pistoni hizo haziombi sababu kubwa ya kuvunjika ukuta huo.

Kwa hiyo jambo la kwanza: boksi lako la chujio la kiwandani, pamoja na mfuniko wenye sensa, haligusi mtu. Kazi ya fundi ianzie pale hewa inapotoka kwenye mfuniko. Hapo umeshaondoa nusu ya hatari, na hukulipa chochote.

Hilo ndilo linalonifanya nikukatalie chujio la wazi, lile la koni. Litakulazimisha kutengeneza nyumba mpya ya sensa, na likikaa karibu na kona, hewa inafika kwenye waya ikiwa inazunguka kama maji yanayotoka kwenye sinki; leo inasoma hivi, kesho vile. Halafu joto. Chini ya boneti, kwenye foleni ya Kwa Mrombo saa kumi na moja jioni, hewa inaweza kufika nyuzi 60 wakati nje ni 30 au pungufu. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia tisa ukilinganisha na ya 30. Umelipia sauti ya kuvuma, umepoteza nguvu.

Na vumbi. Udongo wetu wa volkano ni laini kama unga wa sembe uliochekechwa mara mbili. Toka kwenye lami kuelekea Simanjiro mwezi wa tisa, ukirudi fungua boksi uone. Chujio la karatasi la kiwandani linalishika hilo vumbi vizuri kuliko mengi ya pamba yenye mafuta, na halirushi mafuta kwenye waya wa sensa. Nunua la karatasi, badilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, fedha iliyobaki tuifanyie kazi nyingine.

Sasa bomba lenyewe, lile kutoka kwenye boksi mpaka turbo. Hili nakubaliana nawe, na nitakueleza kwa nini kwenu Arusha lina maana kuliko kwa mwenzako wa Tanga.

Wewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapo ni kama kilopaskali 86, wakati pwani ni 101. Sisi wa Moshi tuko katikati, kama 92. Tuseme unataka ndani ya manifoldi, ile njia inayogawia silinda hewa, kuwe na kilopaskali 201, yaani ile busti ya bar moja anayoipata mtu wa pwani. Yeye turbo yake inatakiwa kuibana hewa mara mbili, 201 kwa 101. Yako inatakiwa kuibana mara 2.34. Tayari inakimbia zaidi, na mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika hata siku za kawaida.

Halafu bomba la kuvuta likiwa jembamba, au limekunjamana, unapoteza mgandamizo hata kabla hewa haijafika kwenye turbo. Ukipoteza kilopaskali tano pale, turbo inaanzia 81 badala ya 86, na kufika 201 inabidi ibane mara 2.48. Au tuiseme kinyume: turbo ikiendelea kubana mara 2.34, zile tano ulizopoteza mlangoni zimekuwa karibu kumi na mbili upande wa pili. Kilichopotea baada ya turbo ni kilekile. Kilichopotea kabla ya turbo kinazidishwa. Ndiyo maana mimi hela ya mteja naipeleka upande wa kuvuta kabla ya kugusa intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo.

Mpira wa kuingilia turbo kwenye Impreza yako unapita chini ya manifoldi, kwenye uwazi mdogo, na umebonyezwa ili utoshe. Ukiwa wa 2003 umeshapikwa na joto miaka mingi. Mara nyingi nikiutoa unalia kama biskuti. Ufa ukitokea hapo ni mbaya mara mbili: uko baada ya sensa, kwa hiyo hewa inayoingia haikupimwa, na uko kabla ya turbo, kwa hiyo haikuchujwa.

Lakini usitengeneze hata huo kabla ya kupima. Huhitaji mashine. Nenda duka la vifaa vya maji, nunua mpira mwembamba unaoona ndani, mita tano. Funga kipande kwenye ubao mrefu kwa umbo la U, kila mguu uwe mita moja na nusu, weka maji yenye rangi mpaka nusu. Mimi naweka chai ya rangi. Mguu mmoja uache wazi. Mwingine, kupitia chupa tupu ya kukamata maji yasije yakavutwa, uunganishe kwa kiungo cha T kwenye kimoja cha vile vichuchu vidogo vilivyo karibu na mdomo wa turbo. Mwenzako akae kiti cha abiria na ubao magotini. Wewe gia ya pili, mizunguko elfu tatu mpaka elfu sita, sekunde chache tu, mahali pasipo na watu wala bodaboda. Na si kwenye barabara ya Moshi, trafiki wa tochi hatakuelewa ukimwambia unapima chai.

Tofauti ya kimo kati ya miguu miwili ndiyo jibu lako. Kila sentimita kumi ni kilopaskali moja. Halafu rudia ukiwa umeunganisha mara tu baada ya boksi la chujio, kabla ya mpira kuanza, utoe ya pili kwenye ya kwanza. Ukikuta hasara kubwa iko kwenye boksi, chujio limejaa, tatizo limekwisha kwa bei ya chujio. Ukikuta iko kwenye mpira, sasa tunazungumza kazi. Mimi binafsi, jumla ikiwa chini ya sentimita 30 sigusi kitu. Ikizidi 60 natengeneza bila kujadili. Hapo katikati inategemea mfuko wako.

Pima na turbo ya zamani, halafu pima tena na mpya ikishafungwa na kutyuniwa. Turbo kubwa inavuta hewa zaidi, na hasara haipandi kwa mstari: hewa ikiongezeka kwa asilimia 20, hasara inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40.

Tuje kwenye utengenezaji.

Alumini ndiyo sahihi, unene wa milimita moja na nusu mpaka mbili. Bomba la plastiki la maji, ambalo nimeliona kwenye magari zaidi ya moja hapa kwetu, linalegea kwenye nyuzi 80 hivi. Upande wa kuvuta litabonyea ndani. Upande wa baada ya turbo ndiyo kabisa: ukibana hewa mara 2.34 kuanzia nyuzi 25, kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka na nyuzi 140. Bomba la ekzosi la chuma nalo linaota kutu ndani, na kutu ikibanduka inaelekea kwenye feni ya turbo. Bomba la mabati usiliruhusu hata lichomelewe karibu nawe. Ule moshi mweupe wa zinki unakupa homa usiku.

Na kuna hili la mchanga. Mafundi wetu wakitaka kukunja bomba bila mashine wanalijaza mchanga mkavu, wanaziba ncha, wanalipasha moto, wanalikunja. Kwa reli ya ngazi ni akili nzuri sana. Nililifanya mimi mwenyewe, miaka hiyo, kwenye Forester yangu, kwa bomba la chuma. Nikalisafisha kwa upepo wa kompresa mpaka nikaridhika. Wiki mbili baadaye turbo ikaanza kupiga mluzi mwembamba ambao haukuwepo. Nikatoa bomba, nikaligonga kwa mpini wa nyundo juu ya karatasi nyeupe. Zikadondoka chembe nyeusi, magamba ya chuma kilichoungua, na katikati yake mchanga. Ncha za mapanga ya feni zilikuwa zimelika kama kisu kilichonolewa na mtoto. Hakuna mtu wa kumlaumu, nilifanya na mikono yangu. Tangu siku hiyo kona nanunua zilizokunjwa kwa mashine kiwandani, zenye mviringo uleule mwanzo mpaka mwisho, naziunga. Ukikosa, katakata vipande vya pembe kama vya embe na uviunge kimoja kimoja. Ni kazi ndefu, lakini hewa inapita.

Nani achomelee? Usimtafute wa mageti, watafute wanaotengeneza magari ya utalii. Arusha ina bahati hiyo ambayo miji mingi haina: karakana zinazorefusha Land Cruiser, zinazoweka mapaa ya kufunguka, matangi ya ziada na kariya za alumini. Humo ndimo walimo watu wa kuchomelea kwa gesi ya agoni na umeme wa mkondo geu (AC). Wengine ni wale wanaotengeneza matangi ya maziwa ya chuma kisichoshika kutu. Mikono yao imezoea kazi safi. Mkondo geu una sababu yake. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ile ngozi yake ya juu, ambayo huioni, inataka zaidi ya 2,000. Mkondo ukigeuka unaibandua hiyo ngozi. Fundi akichomelea alumini kwa mashine isiyogeuza mkondo, unapata kitu kinachofanana na uji ulioganda.

Mjaribu kabla ya kumpa kazi. Mpelekee vipande viwili vya bati la alumini la milimita mbili, mwambie aviunge, halafu viweke kwenye jiliwa uvikunje kwenye mshono. Mshono ukifunguka kama zipu, shukuru na uondoke. Muulize pia waya gani wa kujazia anatumia. Kwa bomba lililo kwenye joto la injini taka 4043, wenye silikoni. Ule wa 5356 una magnesi, ni mgumu, mzuri kwa fremu na ngazi, lakini haupendi kukaa kwenye joto la juu ya nyuzi 65 muda wote. Akikujibu bila kusita, umepata mtu. Akisema "waya ni waya", mnunulie soda uendelee na safari.

Brashi ya waya anayosafishia alumini iwe ya kazi ya alumini tu, haijawahi kugusa chuma. Na usafi wa mwisho ni asetoni. Asitumie zile kopo za kusafishia breki zenye klorini, kwa sababu mabaki yake yakikutana na mwali wa kuchomelea yanatoa gesi ya sumu kali. Hili si la kutania.

Bomba lipimwe kwenye gari, lishikizwe kwa nukta mbili tatu, halafu lichomelewe mezani. Kama ni lazima kugusa kitu kikiwa kwenye gari, chomoa betri na chomoa soketi za kompyuta, maana mashine ya agoni inawasha mwali kwa umeme wa kasi ambao kompyuta haikualikwa nao. Likishapoa, lioshwe ndani kwa maji ya moto na sabuni, vuta kitambaa cheupe kwa kamba toka mwisho mpaka mwisho, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mimi namulika na tochi ya simu, halafu napitisha kidole kwenye kila mshono nifikao. Kitu chochote kinachokwaruza kidole kitakuja kung'oka siku moja.

Kila ncha ya bomba iwe na katuta, kama tuta la barabarani, mduara mzima. Watu wanaliona kama urembo. Kwenye bomba la milimita 63 upande wa baada ya turbo, busti ya bar moja inasukuma kiungo kwa nguvu ya kilo 32 hivi, kila mara unapokanyaga. Bomba lisilo na katuta, lenye mvuke wa oili kidogo ndani, mpira utaponyoka, na utaponyoka ukiwa unalipita lori. Fundi asiye na mashine ya kutuna ncha anaweza kuzungusha waya wa alumini wa milimita tatu na kuushika kwa mshono. Klempu ziwe za bolti, zile pana. Za skrubu zenye meno zinakata mpira.

Kati ya bomba na bomba acha nafasi ya milimita kadhaa ndani ya mpira. Injini inayumba kwenye maunting zake, bodi haiyumbi. Bomba lililofungwa kwenye vyote viwili bila mpira katikati litapasuka, na litapasuka pembeni ya mshono, kwa sababu alumini ya 6061 ikichomelewa inapoteza sehemu kubwa ya ugumu wake pale joto lilipopita.

Mipira ya silikoni: upande ambao injini inarudishia mvuke wa oili, silikoni ya kawaida inavimba na kulainika. Taka ile yenye utando wa ndani unaostahimili oili. Mwenye duka akikuambia zote ni sawa, nunua kwingine.

Na huo mvuke. Hapa ndipo fundi asiyejua Subaru anakuharibia. Kwenye mpira wa zamani kuna midomo kadhaa: ya pumzi ya injini, ya valvu inayorudisha hewa ukiachia mafuta, ya kidhibiti cha busti. Kila mmoja urudi mahali pake kwenye bomba jipya, kwa ukubwa uleule. Usimruhusu azibe mmoja au auache wazi kwa ile valvu ya kupiga chafya. Hewa inayorushwa nje imeshapimwa na sensa, petroli yake imeshamwagwa, gari linatoa moshi mweusi na kuzima kwenye taa za barabarani.

Rali ina kisa kizuri cha hewa inayopita bila kuhesabiwa. Mwaka 1995, kwenye ubingwa wa dunia, magari yalilazimishwa kuvuta hewa yote kupitia pete ya milimita 34 kabla ya turbo. Ukaguzi kwenye rali ya Catalunya, Hispania, ukagundua Celica GT-Four za timu ya Toyota zina pete inayoweza kusogea milimita tano kutoka kwenye turbo, hewa ikapita pembeni, na ukiifungua inajirudisha mahali pake. Timu ilifungiwa miezi 12. Wahandisi wale walijua kila punje ya hewa iliyopita pembeni na waliimwagia petroli yake. Kwenye gari lako hewa ya pembeni haina anayeijua.

Bomba likishafungwa, usiwashe kabla hujalijaribu kwa upepo. Chonga kizibo cha mti au cha nailoni kwenye lethi, kiingie mdomo wa bomba pale linapoanzia kwenye boksi, weka valvu ya tairi katikati. Ziba kwanza mipira ya pumzi ya injini, la sivyo utasukuma oili sili nje ya injini na kujiletea kazi nyingine. Jaza taratibu mpaka bar moja, paka maji ya sabuni kila kiungo. Sikiliza pia, mara nyingi sikio linatangulia povu. Uvujaji wa kwanza siku zote nauona mahali ambapo nilikuwa na uhakika napo.

Manifoldi sitakueleza mengi, kwa sababu jibu ni hapana. Flanji, ule uso bapa wa kufungia bolti, inapinda ikichomelewa, inatakiwa ifungwe kwenye sahani nene wakati wa kazi na isawazishwe kwa mashine baadaye. Ukikosea, mahali panapovuja pako karibu na nozeli za petroli na si mbali na turbo yenyewe moto. Na ukishafaulu, njia fupi za manifoldi ya kutengenezwa zinakuongezea kidogo juu kabisa ya mizunguko na kukupunguzia chini, ambako kwenye mwinuko wetu turbo tayari inachelewa kuamka. Ya kiwandani imesanifiwa vizuri, iache.

Intakula ya mbele ndiyo ile niliyosema tuisogeze. Hali ya hewa ya Arusha inakusaidia, na yako ya juu, chini ya lile tundu la boneti, ina njia fupi. Mabomba ya mbele yataongeza mita kadhaa za hewa ya kujaza kabla gari halijaitika, na mara nyingi yanataka kuhamisha boksi la chujio, ambalo tumekubaliana haligusi mtu. Weka kipimajoto cha hewa kwenye manifoldi, tembea nacho mwezi mmoja. Kama ukitoka kwenye foleni joto linashuka ndani ya dakika moja, huna tatizo la intakula.

Mwisho wa kazi ya chuma ndiyo mwanzo wa kazi ya kompyuta. Hata kama hujagusa sensa, turbo mpya inataka ramani mpya ya petroli na ya moto wa plagi. Gari lako lilitengenezwa kwa petroli ya juu ya Japani, ambayo oktani yake inakaribia 100. Ya pampu zetu haifiki huko. Mtu wa kutyuni awe na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi na masikioni awe na kifaa cha kusikia injini ikigonga. Kabla ya hapo turbo ikae kwenye kasha.

Kwa hiyo wiki hii fanya kimoja: kata mpira wa maji, pika chai ya rangi, pima. Nitumie namba mbili, ya kwenye boksi na ya kwenye mdomo wa turbo, pamoja na picha ya chini ya manifoldi ukimulika na tochi. Nikiziona nitakuambia kama bomba lako linahitaji fundi au linahitaji mpira mpya tu.